Saa Saba na Wimbi Lililolala

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu, limeegemea ukuta wa chumba cha fundi cherehani, na mguu wake mmoja niliutengeneza mimi kwa soli tatu za buti. Kwa hiyo nikisema benchi ni langu, msinibishie. Wanaolikalia kila siku ni hawa: Breki, dereva wa lori mstaafu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua, Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye wateja wake humsubiri na nusu kichwa huku yeye anabishana na sisi, Shangazi, mwenye birika la kahawa, shangazi wa kila mtu na asiye shangazi wa mtu yeyote, na Saa Saba, fundi cherehani mwenyewe. Mimi wananiita Soli. Jina la Saa Saba tulimpa kwa sababu ikifika saa saba kamili mchana anasimamisha cherehani, hata kama sindano iko katikati ya mkono wa shati la watu. Anaosha mikono, anakaa, anapokea kikombe, anatoa simu yake ya vitufe na kumpigia binti yake. Miezi minane sasa, kila siku ya kazi, saa saba. Na kila siku yule mwanamke wa kwenye simu anamjibu kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa.

Siku hiyo zilibaki kama dakika kumi saa saba ifike, alipokuja dada mmoja, umri wa miaka thelathini na ushee, amekumbatia begi la kompyuta kifuani. Mkanda ulikuwa umekatika.

— Fundi, shikamoo. Utanishonea sasa hivi? Nina kazi ya chuo, inatakiwa kabla ya saa kumi.

— Marahaba, nilimwitikia. Kaa hapo. Sasa hivi hatuna, lakini leo tunayo.

Breki akamwangalia mgeni, akauangalia mkanda.

— Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sasa wewe kamba imekatika. Maana yake wewe ni mwenyeji.

— Methali haiendi hivyo, alisema Shangazi, huku anammiminia dada kahawa. Karibu mwanangu. Huyu usimjibu. Ukimjibu utalala hapa.

Mara cherehani ikanyamaza. Wembe akaisogeza saa yake ya mkononi mbele kwa dakika mbili, kama anavyofanya kila siku. Saa Saba akatoka anajifuta mikono, akaketi mwisho wa benchi, akapiga. Simu yake ndogo ina sauti kubwa, na sote tulimsikia yule mwanamke akisema yale yake.

— Haipatikani, alisema Saa Saba.

Akaiweka simu gotini. Dada akaniangalia kwa kuuliza, na mimi kwa kuwa nina mdomo nikamweleza kwa sauti ya chini. Binti alitaka kwenda kufanya kazi kiwanda cha dawa, mji wa mbali. Baba alikwisha kumnunulia cherehani ya pili, ameifunika kitambaa chumbani humo, iko mpaka leo. Siku ya kuondoka mzee akamwambia: "Ukivuka hicho kizingiti, usinipigie mpaka nikupigie mimi." Hasira ilimwisha kabla ya wiki. Ndipo akaanza kupiga. Ujumbe wa maandishi hataki kutuma. Anasema maneno yale yalitoka mdomoni, na yataondolewa kwa mdomo.

— Kabadilisha namba, alisema Wembe. Mtu akipata kazi mpya anapata na laini mpya. Wewe unapigia laini iliyokwisha kutupwa, mzee mwenzangu.

— Acha wewe! Breki akadakia. Laini iko palepale. Tatizo ni jua. Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na moja, nayajua majua yote. Saa saba jua liko utosini, minara inapata moto, na sauti ikipata moto inajikunja kama nywele. Inafika nusu ya njia, inarudi.

— Inarudi wapi? aliuliza Wembe.

— Inarudi kwa aliyeituma. Ndiyo maana anasikia haipatikani. Ile ni sauti yake mwenyewe imekuja imechoka.

— Ile sauti ni ya mwanamke, Breki.

— Ndiyo kuchoka kwenyewe.

Hata Saa Saba alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa.

— Jamani, acheni. Amenifuta, basi. Ningekuwa mimi nimeambiwa maneno yale, ningefuta.

Shangazi akamwongezea kahawa bila kuulizwa. Mimi nikajifanya natafuta uzi. Miezi minane ni mingi kukaa na mtu benchi moja na usijue la kumwambia, na mimi sina subira na huzuni nisiyoweza kuipiga msumari.

Dada, nadhani kwa kutaka kutuokoa, akatoa kompyuta yake, akaifungua mapajani.

— Endeleeni tu, mimi nimalize kazi yangu. Nasomea kutengeneza mashine za hospitali. Tumeambiwa tutengeneze ishara tano za mwanzo kwa kompyuta na tuzichore.

— Ishara za nini? aliuliza Wembe, akiwa amekwisha kusogea.

— Za chochote kinachobadilika kadiri muda unavyokwenda. Sauti, umeme, mapigo ya moyo. Hii ni programu ya hesabu. Naiandikia: chukua muda toka sifuri mpaka sekunde kumi. Kisha naiambia kila nukta ya muda iwe na kimo gani. Kisha naiambia, chora. Tazameni.

Hapo kazi yangu ikalala. Tukajazana nyuma yake, Wembe na mkasi mkononi.

Ya kwanza ilikuwa mstari uliolala chini, halafu ghafla ukaruka juu na kubaki hukohuko.

— Hii inaitwa ngazi, alisema dada.

— Hiyo ni siku niliyooa, alisema Wembe.

— Umeme umerudi, hiyo, alisema Breki. Na mtakaobisha bisheni.

— Mzee amepatia. Ndiyo mfano aliotupa mwalimu.

Jamani! Mngemwona Breki. Alikaa wima utadhani kavishwa nishani, na toka hapo hakukuwa na wa kumshika. Ya pili ilikuwa mstari unaopanda moja kwa moja. Dada akasema ni mpando.

— Huo mlima naujua, nimeupanda na tani thelathini mgongoni. Lakini una kasoro. Mpanda ngazi hushuka. Mbona huyu wako hashuki?

— Hashuki, mzee. Anapanda tu.

— Basi mwandikie huyo dereva abebe mafuta ya akiba.

Ya tatu ilianzia juu, ikashuka kwa haraka, kisha polepole, kisha polepole zaidi, wala haikugusa chini. Wembe akasema ni nywele zake mwenyewe tangu afikishe arobaini. Breki akasema ni breki za hewa. Shangazi, aliyekuwa amenyamaza na birika lake, akainama kidogo.

— Hiyo si kahawa inayopoa? Mwanzoni inapoa upesi. Ukiiacha, inapoa taratibu. Kikombe cha mwisho huwa hakipoi mpaka ukisahau.

Dada akageuka akamtazama.

— Shangazi, umesoma wapi?

— Kwenye birika.

Ya nne ilikuwa tupu, isipokuwa mahali pamoja tu katikati, mstari mmoja umesimama kama msumari. Kabla yake hakuna kitu, baada yake hakuna kitu.

— Mpigo mmoja, alisema dada. Unatokea mara moja, basi.

— Kofi la marehemu mama, alisema Breki. Mimi nina uhakika.

— Ni neno, alisema Saa Saba kutoka mwisho wa benchi. Neno baya. Unalisema mara moja.

Mkasi wa Wembe ulilia mara moja hewani, akauficha nyuma. Dada akapiga vitufe upesi.

— Sasa ya tano ndiyo rahisi kuliko zote. Wimbi. Linapanda, linashuka, linarudi pale lilipoanzia, kila sekunde moja. Kwa sekunde kumi mtayaona mawimbi kumi.

Akaiambia chora. Kompyuta ikachora mstari mmoja, umelala katikati, toka mwanzo mpaka mwisho. Wimbi hata la dawa halikuwepo.

Dada akafuta, akaandika upya, akachora. Mstari uleule.

— Haiwezekani, alisema. Hii ndiyo rahisi!

— Aah, huyo amekufa, alisema Breki. Nimelazwa hospitali mimi, najua. Ile mashine ya moyo ikilala hivyo wanafunika shuka.

— Breki! Shangazi akampiga na kitambaa cha birika. Chunga mdomo wako mbele ya mwenye mtoto asiyepatikana!

— Mimi nasema la kompyuta...

— Kompyuta yenyewe imechoka, alisema Wembe. Umeichorea mambo manne mfululizo, haijanywa hata maji. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Iache ipumzike.

— Si kuchoka, Breki akarudi, maana kofi la Shangazi halimtoshi. Hilo wimbi limekwenda mbio mno. Gari likienda mbio mno juu ya matuta, huyasikii matuta. Kwa hiyo wimbi lilikuja, likawa na mbio, likajipiga pasi lenyewe. Hapo ulipo unatazama wimbi lililopigwa pasi. Ukitaka lirudi, lazima ulinyunyizie maji.

— Kompyuta hii, mzee? Maji?

— Kidogo tu. Kwa vidole.

Dada alikuwa anauma kucha sasa. Ilikuwa saa saba na nusu. Ndipo Saa Saba akainuka, akaja na kikombe chake, akaisogelea ile kompyuta kwa macho yake ya kuangalia mishono. Mtu akiwa na huzuni ukimpa kitu kilichoharibika anapata nafuu kidogo. Mafundi wote tuko hivyo.

— Umesema wimbi linarudi lilipoanzia kila baada ya muda gani?

— Sekunde moja, baba.

— Na hiyo kompyuta inalitazama muda wote?

— Hapana. Inatazama pale ninapoiambia tu. Inachukua nukta, halafu inaziunganisha kwa mstari.

— Umeiambia itazame kila baada ya muda gani?

Dada akasogeza kidole juu ya maandishi yake.

— Hatua... nimeweka hatua ya moja. Kila sekunde moja.

Saa Saba akacheka kidogo. Sikuwa nimelisikia cheko hilo tangu binti aondoke.

— Mwanangu, hilo ni kosa la kushona. Ngoja.

Akaingia chumbani, akatoka na kipande cha kitambaa cha mistari, mweupe na bluu, mweupe na bluu, akakitandaza juu ya goti langu mimi. Akachukua sindano kubwa kwenye boksi langu.

— Tazama. Toka mweupe mpaka mweupe unaofuata ni upana wa vidole viwili. Nikianza kutoboa kwenye mweupe, na nikapiga hatua ya upana uleule, nitaangukia wapi? Mweupe. Tena? Mweupe. Nitatoboa mpaka mwisho wa jora, mweupe mtupu. Halafu kipofu akiniuliza hiki kitambaa kikoje, nitamwapia kwamba ni cheupe pepepe. Na bluu ipo! Ipo tele! Ila mimi nimejipangia kutokuikuta.

— Ndiyo! dada akaruka. Nalitazama kila linapopita sifuri! Kila mara nalikuta palepale!

— Punguza hatua ya sindano.

Akaweka robo. Kompyuta ikachora meno ya msumeno, makali, yamepanda na kushuka. Tukapiga kelele. Akapunguza tena, akaweka hatua moja katika mia. Akachora.

Lilikuja, bwana. Laini, limejaa, mabega kumi na mabonde kumi, linapanda na kushuka bila kona. Mimi si mtu wa kusifu vitu vya kompyuta, lakini lile wimbi lilikuwa zuri. Mteja wa Wembe, aliyekuwa na nusu kichwa, alitoka na taulo shingoni naye aone.

— Kwa hiyo, alisema Breki taratibu, lilikuwepo muda wote?

— Muda wote, mzee. Mimi ndiye niliyekuwa nalitafuta vibaya.

— Na lile la kunyunyizia maji...

— Halikuhitajika.

Tulicheka sana. Saa Saba alikuwa anakunja kitambaa chake, nne kwa nne, kama desturi yake, na uso umenawiri. Dada alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Alimtazama mzee, akaitazama ile simu ya vitufe iliyobaki juu ya benchi.

— Baba, samahani. Nikuulize?

— Uliza, mwanangu.

— Huyo binti yako, umewahi kumpigia saa nyingine?

Wembe akaangalia mkasi wake. Breki akafungua mdomo, akaufunga. Mashahidi mpo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Miezi minane tumemwita mtu Saa Saba, tumemcheka, tumerekebisha saa zetu kwake, na hakuna hata mmoja wetu aliyelisikia jina tunalolitamka. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Saa Saba akaketi. Kitambaa kikamfunguka mikononi.

— Mimi ni mtu wa saa saba, alisema. Mtoto anajua. Tangu yuko mdogo anajua saa saba ndiyo saa ya baba kukaa naye.

— Ndiyo, baba.

— Asubuhi nina wateja. Jioni nafagia, nafunga. Si desturi yangu kupiga ovyo.

Halafu akasema lile lililokuwa chini kabisa, na alilisema bila kumtazama mtu.

— Hii haipatikani nimeizoea. Naweza kuishi nayo. Sasa nikipiga saa nyingine, simu ikaita, ikaita mpaka ikakatika, na yeye ameiona namba yangu? Hilo nitalifanya nini, Shangazi?

Shangazi akaweka birika chini. Alikuja akaketi karibu naye, kwenye nafasi ya Breki, na Breki akasimama.

— Utakunywa kahawa, alisema. Sisi tutakuwa hapa.

Saa nane ikafika. Cherehani haikulia. Wembe akaiangalia saa yake, akaiacha ilivyo. Saa Saba akapiga: haipatikani. Akavuta pumzi, na mimi naapa ilikuwa pumzi ya nafuu. Nikamaliza mkanda wa begi, nikaushona mara mbili, kisha mara ya tatu, maana mikono ilitaka shughuli. Dada alikwisha kuituma kazi yake, na sababu ya kukaa hakuwa nayo tena. Alikaa. Saa tisa akapiga: haipatikani. Wateja wawili walikuja kuulizia nguo, Breki akawaambia fundi yuko kwenye kikao. Yule wa nusu kichwa alidai nusu ya pili, Wembe akamwambia asubiri, hapa kuna jambo. Naye akasubiri, hata hakulalamika.

Saa kumi na robo Saa Saba akapiga tena.

Ikaita.

Mzee akashtuka, nusura aidondoshe. Ikaita mara ya pili. Ya tatu. Ya nne. Nilimwona kidole chake kinasogea kwenye kitufe chekundu, na Shangazi akakishika kidole kile, akakifumbata.

— Baba?

Sauti ilitoka kubwa, tukaisikia wote. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi wanatembea, na geti la chuma linafungwa.

— Baba, ni wewe? Umenipigia?

Saa Saba akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

— Nimekupigia, mwanangu.

— Ulisema nisikupigie mpaka unipigie wewe.

— Nilisema.

— Basi nimekaa. Kila nikitoka kazini naangalia simu. Nikasema, bado ana hasira. Miezi minane, Baba!

— Nilikuwa napiga, mama. Haki ya Mungu nilikuwa napiga. Kila siku. Saa saba.

Kisha tukasikia anacheka, na kilio kimo ndani ya kicheko.

— Saa saba, Baba? Saa saba simu zetu zinakuwa getini, zimezimwa! Zinawekwa kwenye boksi toka asubuhi mpaka tutoke! Ningejuaje?

— Nilidhani umenifuta.

— Nikufute wewe?

Mzee akafunika macho na kile kitambaa cha mistari. Breki alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamcheza, na alipoona namtazama akaninong'oneza kwa ukali:

— Ni jua tu.

Shangazi akainua birika ampe kikombe. Akainamisha, akainamisha zaidi, yakatoka matone mawili. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyejua iliisha saa ngapi.

— Baba, upo?

— Nipo. Nipo, mwanangu. Niambie, kesho nikupigie saa ngapi?

— Saa yoyote baada ya saa kumi. Na ukichelewa, nitakupigia mimi.